UZI: Kuchora paka mpaka manyoya yaonekane manyoya kweli, nilivyojifunza hapa Mwanza kwa paka mmoja wa Kirumba

Fundi Bango MZA

Wakuu habari za jioni. Huu uzi nimeuweka kiporo miezi mingi, lakini kila nikipita humu nakuta mtu anauliza manyoya ya paka yanachorwaje na majibu ni yale yale, "fanya mazoezi", "tumia brashi ndogo", imeisha. Sasa brashi ndogo ndio iliyoniharibia mimi picha ya kwanza, kwaiyo leo nakaa chini naeleza yote. Ntaandika kwa vipande maana natumia simu, mwenye swali aulize katikati hamna shida.

Mimi kazi yangu ni kuandika mabango na milango ya maduka, kijiwe changu kipo Mlango Mmoja, mwaka wa kumi na moja huu. Herufi nazijua. Nikiwa shule nilikua nachora chui kwenye hadibodi kwa rangi ya mafuta inayong'aa, wale wa mtindo wa marehemu Edward Saidi Tingatinga aliouanzisha Dar 1968, na mpaka leo naupenda sana ule mtindo. Ila pale doa ni doa, unalipiga linakaa, hakuna anaekuuliza unyoya umelalia upande gani. Paka wa mtu ni jambo jingine kabisa. Mwenye paka anamjua paka wake kuliko anavyoujua uso wake mwenyewe.

Ilianza hivi. Kuna bibi jirani yangu anauza dagaa Mwaloni Kirumba, mimi namuita Bibi na yeye ananiita mjukuu. Alikua na paka dume anaitwa Kapteni, michirizi ya kijivu na kahawia, kidevu na kifua vyeupe, sikio moja limechanika kwa ugomvi wa zamani. Huyo paka alikua analala juu ya gunia la dagaa kutwa nzima hagusi hata mmoja mpaka apewe, nimeshuhudia kwa macho yangu. Amekufa na uzee, miaka kumi na nne. Watu wakamwambia Bibi "si paka tu huyo", mimi sikuweza kusema hivyo. Siku moja akaja kijiweni na simu ya mjukuu wake, ina picha moja tu ya Kapteni, akaniambia wewe si unachora, nichoree. Nikasema sawa Bibi.

Picha ya kwanza ilinichukua wiki tatu. Nikachukua brashi nyembamba kuliko zote nilizonazo nikaanza unyoya mmoja mmoja kuanzia sikioni kushuka chini, maelfu ya mistari, usiku na taa ya simu. Nikampelekea. Akaishika muda mrefu, akailaza mapajani, akasema taratibu, "Mjukuu wangu, huyu ni paka. Lakini sio wangu."

Hakunisema vibaya. Alisema kweli na mimi kweli hiyo nilikua naijua toka wiki ya pili. Mistari yote ilikua urefu mmoja, unene mmoja, weupe mmoja, kama mkeka. Kichwa hakina mviringo, shavu halina unene. Niliirudisha nyumbani nikaigeuzia ukutani.

Naendelea hapo chini.

Mwaloni Boy

Daah kaka hiyo "sio wangu" imenigusa. Endelea tupo.

Fundi Bango MZA

Sasa kilichonifungua macho hakikua video wala kitabu, ilikua dagaa. Asubuhi moja nimempelekea Bibi kibao chake cha bei, nikasimama naangalia dagaa walioanikwa. Ukiwa mbali huoni dagaa hata mmoja, unaona shuka la fedha limetandazwa, lina sehemu inang'aa na sehemu imefifia kutokana na walivyolalia na jua linapotokea. Ukisogea kwenye ukingo ndio unaanza kuona mmoja mmoja, kichwa huku mkia kule. Na pale katikati jicho lako linajijazia lenyewe kwamba ni dagaa, bila kuhesabu.

Manyoya ni hivyo hivyo. Jicho linaona fungu kwanza. Unyoya mmoja mmoja unaonekana sehemu chache tu, pale mwanga unapokutana na kivuli na pale manyoya yanapoishia kwenye ukingo wa mwili. Mimi nilichora dagaa wote mmoja mmoja nikasahau shuka.

Siku hiyo hiyo nikamshika paka mwingine pale pale Mwaloni, wapo wengi na hawaogopi watu, nikampapasa kinyume na manyoya. Fanyeni hiki kitu kabla hamjashika brashi, nawaomba. Utaona chini kabisa kuna manyoya mafupi laini yaliyosongamana, rangi yake imepooza, alafu juu yake ndio kuna yale marefu manene kidogo yanayong'aa. Na paka wa michirizi ukiupanua ubavu uangalie unyoya mmoja, una pingu pingu, kipande cheusi, kipande cha njano njano, kipande cheusi tena kwenye ncha. Michirizi myeusi ni sehemu ambayo unyoya ni mweusi karibu wote. Ndio maana ukipaka kijivu kimoja toka mwanzo mpaka mwisho paka anakua kama wa plastiki, yani rangi ya paka wa michirizi imechanganyika kutoka ndani ya kila unyoya.

Alafu nikachukua daftari nikachora ramani. Uso wa paka mtupu, hamna manyoya, mishale tu. Manyoya yanaanzia puani, mafupi sana kama velveti, yanapanda JUU kuelekea paji la uso, hapo wengi wanakosea wanayashusha. Kutoka katikati ya macho yanaenda nyuma katikati ya masikio. Mashavuni yanatoka kando ya pua yanaenda pembeni na kushuka kidogo, yanarefuka kadri yanavyokaribia shingo. Kidevuni yanashuka. Ndani ya sikio yanatokea ukingo wa ndani yanalala kuelekea nje, marefu na machache, unaona ngozi katikati. Na pale manyoya yanapokuelekea wewe unaetazama, mstari unafupika mpaka unakua kama nukta. Hiyo ramani niliibandika ukutani na mpaka leo kila paka nachora ramani yake kwanza, dakika ishirini tu lakini zinaokoa wiki.

Dada wa Nyegezi

Kaka shikamoo, naomba kuuliza, mimi ni mwanafunzi nina posta kala za kawaida zile za vikopo, zinafaa au lazima akriliki? Na unachora kwenye nini maana kanvasi za dukani bei zake sio za mwanafunzi

Fundi Bango MZA

Marahaba mdogo wangu. Posta kala unaweza kujifunzia lakini ina tabia moja itakuumiza kwenye manyoya, ikikauka ukipitisha brashi yenye maji juu yake inayeyuka tena, kwaiyo tabaka la juu linafuta la chini. Na manyoya ni matabaka. Akriliki, ile rangi ya plastiki inayochanganywa na maji, ikishakauka haiyeyuki kwa maji, unaweka tabaka la tano la kwanza lipo salama. Kama huna uwezo wa akriliki sasa hivi, fanya na posta kala ila tabaka la juu paka rangi nzito na usirudie rudie brashi sehemu moja.

Hela kidogo uliyonayo nunua tyubu tano sio seti ya ishirini na nne. Nyeupe ya titaniamu, bluu ya ultramarini, kahawia nzito wanaiita banti amba, kahawia nyekundu banti siena, na njano ya udongo yelo oka. Nyeusi usinunue. Changanya ultramarini na banti amba upate nyeusi yako, ukizidisha bluu inakua nyeusi ya baridi, ukizidisha kahawia inakua nyeusi ya joto, na paka anazitaka zote mbili mwili mmoja.

Cha kuchorea mimi natumia hadibodi, upande laini. Naikwangua na msasa laini, napaka rangi nyeupe ya maji ya ukutani isiyong'aa iliyochanganywa na gundi nyeupe ya maseremala kidogo, mara tatu, msasa kila ikikauka. Ukipata jeso ya dukani, ile rangi nyeupe ya kuandalia ubao kabla ya kuchora, ni bora zaidi kwa kudumu. Kitambaa cha marekani nacho kinafaa ukikivutia kwenye fremu vizuri.

Onyo moja kubwa, usipake rangi ya mafuta inayong'aa chini alafu akriliki juu. Mimi kwa mazoea ya mabango nilifanya hivyo kwenye picha moja ya majaribio, baada ya wiki chache akriliki ilianza kubanduka kama ngozi ya samaki aliyechemshwa, kazi ya siku nne yote ikaondoka na kucha. Mafuta juu ya akriliki inashika. Akriliki juu ya mafuta hapana.

Rangi na Turubai

Mkuu naheshimu somo lako lakini kwa manyoya mimi nasimama na rangi za mafuta za tyubu. Akriliki kwa joto letu inakauka kabla hujafikiria. Mafuta yanabaki mabichi siku nzima au zaidi, unaweka giza, unaweka mwanga pembeni yake, unapitisha brashi kavu katikati, yanalainika yenyewe kama manyoya ya kweli. Yule mama wa Kiholanzi Henriette Ronner-Knip aliyezaliwa Amsterdam 1821 akafariki 1909, alijulikana kwa paka kuliko kitu kingine, angalia picha zake, manyoya laini mpaka unataka kuyagusa, na ni mafuta yale.

Fundi Bango MZA

Mkuu kwa ulaini sibishani na wewe, mafuta yanalainisha vizuri kuliko kitu chochote. Nachosema mimi ni kwamba anaeanza anataka kukosea na kurudia haraka, akriliki ukikosea unasubiri dakika kumi unapaka juu unaendelea. Na kijiwe changu kipo barabarani, vumbi la Mlango Mmoja ukiacha picha mbichi siku tatu linakaa humo humo.

Kwa joto kuna njia. Chukua bakuli la plastiki lenye mfuniko, tandika tishu nene zilizolowa, juu yake weka karatasi ya kuokea keki, rangi weka juu ya karatasi. Unyevu unapanda taratibu. Ukifunika rangi inafika kesho yake. Na chupa ya kupulizia maji iwe pembeni.

Sasa tuingie kwenye paka mwenyewe.

Kwanza picha ya kuangalizia. Mwanza tupo nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, saa sita mchana jua lipo utosini, paka anapata mwanga kichwani na macho yanazama kwenye giza. Piga saa mbili asubuhi au saa kumi na moja jioni, jua likitokea ubavuni, kila fungu la manyoya linapata upande wa mwanga na upande wa kivuli. Flashi usiwashe, inaua vivuli vyote na macho yanawaka kijani. Na usimsogelee na simu mpaka puani, pua inavimba masikio yanarudi nyuma, simama hatua mbili tatu alafu vuta. Mimi kwa Kapteni sikua na hiyo nafasi maana nilikua na picha moja tu, iliyopigwa karibu mno, kwaiyo pua nilibidi niipunguze kwa kuangalia paka wengine wa Mwaloni.

Kuhamisha picha natumia viboksi. Naiprinti A4, naichora viboksi vya sentimita 2, kwenye ubao nachora vya sentimita 4, nahamisha boksi kwa boksi. Wapo wanaosema ni kudanganya, mimi bango lolote naanza na mistari ya penseli na hakuna mteja aliyewahi kuniambia nimemdanganya.

Naanza na macho. Hapa siwezi kubadilishiwa. Macho yakikosea hata manyoya yawe vipi huyo paka sio yeye, na ni bora ujue mapema. Kuna ukingo mweusi unaozunguka jicho kama wanja, alafu nje yake kwa paka wa michirizi kuna mzingo mweupeupe. Mboni inasimama wima, juani nyembamba kama uzi na gizani inakua duara, kwaiyo kama picha yako ni ya jioni usimuwekee mboni ya saa saba. Jicho lenyewe ni tufe la maji, mwanga ukiingia kutoka juu kushoto unatoka chini kulia, hapo chini kulia ndio panakua na rangi inayong'aa zaidi, njano au kijani. Na kope ya juu inatupa kivuli kwenye jicho, paka kivuli hicho hata kama kwenye simu hukioni vizuri. Nukta nyeupe ya mwanga weka mwisho, moja, kali, nusu ndani ya mboni.

Rangi na Turubai

Kwenye hiyo nukta naongezea. Kuna sungura wa Albrecht Dürer wa mwaka 1502, rangi za maji, yupo makumbusho ya Albertina kule Vienna. Ndani ya jicho la yule sungura kuna dirisha limechorwa, dogo mno. Na manyoya yake ni somo lako hili hili, kapaka kwanza rangi laini ya jumla ndio akaja na mistari, na mistari inabadilika mwelekeo kila sehemu ya mwili. Zaidi ya miaka mia tano iliyopita.

Fundi Bango MZA

Asante sana mkuu. Nimemtafuta nimemuona, na masikio yake angalieni, manyoya ya ukingoni ndio yamechorwa moja moja. Dagaa wa ukingoni hao.

Sasa manyoya. Sikilizeni taratibu hapa.

Tabaka la kwanza hakuna unyoya hata mmoja. Chukua brashi bapa kubwa kuliko unavyodhani, paka maeneo ya giza na ya mwanga kama unapaka ukuta, yote yawe na giza kuliko picha yako. Kunja macho mpaka picha ikuwie ukungu, unachokiona hapo ndio cha kupaka. Ukishindwa kujua kipi giza kipi mwanga, igeuze picha kwenye simu iwe nyeusi na nyeupe. Nikitoka kijiweni huwa napita upande wa Bismarck Rock nayaangalia yale mawe jioni, jiwe halina unyoya lakini unaona kabisa hili ni mviringo, kwa sababu lina juu penye mwanga, ubavu wenye nusu na chini penye giza. Kichwa cha paka ni jiwe kwanza. Picha yangu ya kwanza ilikua na manyoya bila jiwe.

Tabaka la pili ndio mafungu. Chukua brashi ya zamani iliyotawanyika, hizo ambazo watu wanatupa, ikate ncha na wembe iwe na meno meno. Rangi ya kati, nyepesi kama maziwa, toa ya ziada kwenye tambara, alafu vuta kufuata ile mishale ya ramani. Usivute kama unachana nywele, sukuma kidogo, vuta, nyanyua, ili kila fungu lianze pana liishie na ncha. Mafungu yapishane, mengine yaangukie kushoto mengine kulia, mawili yakikutana kunakua na pembe tatu ndogo ya giza chini yake. Hiyo pembe tatu ya giza ilinde kwa wivu. Hiyo ndio inayofanya manyoya yawe na kina. Mwanzoni nilikua nazifunika zote kwa kupenda mwanga, na paka anakua bapa tena.

Tabaka la tatu nachanganya rangi kama chai ya rangi, maji mengi rangi kidogo, banti siena kwenye upande wa jua na bluu kwenye kivuli, napitisha juu ya kila kitu. Yale mafungu yanayopiga kelele yananyamaza yanakua mwili mmoja. Usiogope kuona umeharibu, acha ikauke. Na mjue akriliki ikikauka inakoza kidogo kuliko ilivyokua mbichi, kwaiyo ukichanganya ongeza mwanga nusu hatua.

Alafu ndio mistari, na hapa mabango yalinisaidia. Ile brashi ya herufi, yenye manyoya marefu membamba, ndio bora kwa unyoya wa paka kuliko hizo fupi fupi za namba sifuri. Brashi fupi inabeba tone moja inakauka njiani. Ndefu inabeba rangi nyingi inatoa mstari mrefu unaokufa wenyewe mwishoni. Rangi iwe kama wino. Piga pale mwanga unapoingia kwenye kivuli, kwenye ukingo wa shavu, kwenye kifua, kwenye masikio. Katikati ya paji la uso kwenye mwanga acha. Katikati ya kivuli acha. Picha ya pili ya Kapteni kwa makadirio ina robo ya mistari ya ile ya kwanza.

Ukingo wa mwili usiukate na kisu. Sehemu moja manyoya yatoke nje yaingie kwenye rangi ya nyuma, sehemu nyingine uyayeyushe kabisa usijue yanaishia wapi.

Kifua cheupe kilinisumbua kuliko vyote. Nilikua napaka nyeupe ya tyubu na bado haionekani nyeupe. Mpaka nikaelewa kwamba manyoya meupe kwenye kivuli sio meupe, kwa nje yanachukua bluu ya anga na chini karibu na ardhi yanachukua joto la udongo. Nikapaka kifua chote bluu ya majivu na njano ya vumbi, nyeupe safi nikaibakiza kwa mistari labda kumi na tano tu upande wa jua. Ghafla kikawa cheupe.

Mwaloni Boy

Na paka mweusi mkuu? Nina mmoja nyumbani kila nikimchora anakua shimo

Fundi Bango MZA

Mpeleke juani umtazame. Paka mweusi juani ana kahawia ya kutu kwenye ubavu na mgongoni anang'aa bluu kwa sababu ya anga. Paka rangi nyeusi ya kuchanganya, ya joto chini, alafu mafungu ya mwanga yawe ya bluu kijivu, machache mno. Nyeusi kabisa iweke chini ya kidevu, ndani ya sikio na nyuma ya miguu. Na rangi ya nyuma iwe ya kati, sio nyeupe, nyeupe inamfanya azidi kuwa shimo.

HB na 6B

Mimi ni wa penseli tu. Naona yote haya yanakuja kwetu ila kwa kinyume, sisi hatuwezi kuweka nyeupe juu ya giza. Kwa sharubu mimi nachukua kalamu iliyoisha wino, naikandamiza karatasi mistari ya sharubu kabla sijaanza kuweka kivuli, ukija kupitisha penseli ile mifereji inabaki nyeupe yenyewe. Na manyoya ya mwanga nayatoa kwa kifutio laini nilichokikata kona.

Fundi Bango MZA

Hiyo ya kalamu nzuri sana, Dada wa Nyegezi chukua hiyo, haina gharama.

Kwenye rangi sharubu ndio kitu cha mwisho kabisa na ndio watu wanaharibia picha iliyokamilika. Paka ana sharubu kama kumi na mbili kila upande, zimepangwa kwenye mistari minne juu ya mdomo, na kila moja inatokea kwenye kidoa. Weka vidoa kwanza vikae kwa mistari, ndio utoe sharubu kutoka humo. Kuna nyingine juu ya macho, watu wanazisahau. Shina nene, ncha inapotea. Ziko imara kuliko manyoya kwaiyo zinapinda kwa upinde mmoja mpana, hazikunjikunji. Sisi wa mabango tuna fimbo yenye kitambaa mbele ya kuegemezea mkono, mkono haugusi rangi na hautetemeki, tengeneza hata kwa fimbo ya ufagio. Vuta kwa bega sio kwa vidole, pumzi imebanwa, mara moja, usirudie. Fanya kwanza mara hamsini kwenye gazeti. Na sharubu sio nyeupe kila mahali, ikipita mbele ya kifua cheupe au ukuta wa mwanga inaonekana nyeusi.

Dada wa Nyegezi

Kaka na Bibi je? Ulimpelekea ya pili?

Fundi Bango MZA

Nilimpelekea mwezi wa tatu, jioni akiwa anafunga biashara. Nikamkuta amekaa kwenye gunia lile lile. Safari hii hakuilaza mapajani. Aliisimamisha juu ya meza ya dagaa akarudi nyuma hatua mbili kama mtu anaempisha mtu, akakaa kimya. Alafu akapitisha kidole shavuni pa Kapteni, kufuata manyoya, kutoka puani kwenda nyuma, kama alivyokua anamfanyia mwenyewe. Nilikua sina neno.

Alafu akasema, "Ndio huyu. Lakini mjukuu, sikio lililochanika ni la kushoto."

Mimi nilikua nimechora la kulia. Nikaangalia ile picha kwenye simu, la kulia. Bibi akasema simu inasema uongo. Na kweli, mjukuu wake alijipiga na Kapteni kwa kamera ya mbele, na baadhi ya simu kamera ya mbele inahifadhi picha kama kioo, kushoto kunakua kulia. Michirizi ya usoni pande mbili zinakaribiana kwaiyo nisingegundua hata ningeangalia mwaka mzima. Kwaiyo mkipewa picha ya simu ulizeni kwanza imepigwa na kamera gani, au tafuteni kama kuna maandishi kwenye nguo yamegeuka.

HB na 6B

Sasa ulibadilishaje masikio bila kuharibu kichwa kizima?

Fundi Bango MZA

Jumamosi nilibeba rangi nikaenda kwake. Sikio la kulia nililijaza kwanza rangi ya giza ya chini pale palipochanika, likakauka, nikarudishia mafungu na ukingo. La kushoto nikafanya kinyume, nikachukua rangi ya nyuma nikalila sikio kwa ndani, umbo kama herufi V lakini upande mmoja mrefu. Sikuacha ukingo wa V ukiwa safi, nikatoa manyoya mafupi matano sita yakaingia kwenye pengo. Bibi alikua amekaa pembeni ananiambia, chini kidogo, hapana hapo pana kina zaidi, hapo hapo. Ilituchukua kama saa moja na nusu. Vanishi nilipaka wiki mbili baadae, isiyong'aa, kwa sababu mezani kwake pana chumvi na mafuta ya samaki na kila asubuhi anaipangusa.